Uchambuzi wa kisa: Mama wa safu ya nne na neno "atapiga"

Kisa chenyewe

Hiki ni kisa cha shoo moja ya mentalizimu tuliyofanya hapa Nairobi. Nimeamua kukiandika chote juu naona vijana wengi wanaingia kwa hii kazi saa hii, na kitu wanasoma ni klipu za watu wakishika vichwa na kupiga nduru, halafu wanadhani zile nduru ndio mwisho wa kazi. Majina nimetoa yote, ukumbi siutaji, tarehe siitaji, na vitu vingine kuhusu yule mama nimebadilisha ili hata jirani yake akisoma asimtambue. Mimi nilikuwa meneja wa steji. Mwenye shoo nitamwita Msanii.

Kwa mwenye hajawahi ona, mentalizimu ni mazingaombwe bila sungura na bila kofia. Mtu anasimama mbele yako ni kama anasoma mawazo, anataja neno ulilofikiria, anajibu swali uliloandika ukalikunja. Vifaa ni karatasi, bahasha, biro na mdomo. Na kwa sababu vifaa ni vichache hivyo, watu hawaangalii mikono ya msanii, wanaangalia macho yake, na maelezo ya kile kitu wameona wanayatoa kwa kichwa chao wenyewe. Hapo ndio shida yetu yote ilianzia.

Watu waliingia na nini kichwani

Ukumbi ulikuwa katikati ya mji, viti kama 160, Jumamosi jioni, tiketi 1,000 ukilipa mapema na 1,500 mlangoni. Watu wa kila aina: wanafunzi wa kampasi, wapenzi, kikundi cha wamama waliotoka kwa chama, wazee wawili watatu, na vijana wa ofisi walioletwa na bosi wao.

Sasa, mtu wa Nairobi ukimwonyesha kitu hakielezeki, hakai bila maelezo hata dakika moja. Yako matatu yanangoja. La kwanza ni "imepangwa, huyo ni wao". La pili ni wizi, juu sisi wote tumewahi kupata ile meseji ya "tuma kwa hii namba". La tatu ni nguvu, za giza au za mbinguni, inategemea umelelewa wapi. Pita barabara yoyote uangalie nguzo za stima, utaona karatasi za mganga anayerudisha mume na mali iliyoibiwa, na namba ya simu chini. Jumapili washa tivii utaona nabii anamwita mtu kwa jina na kumtajia mtaa anaoishi. Kwa hivyo msanii akisimama na kusema "kuna mtu hapa anaitwa hivi", watu hawaoni kitu kipya, wanaona kitu wanakijua tayari.

Na hii si mambo ya kuchezea. Shakahola ilitokea 2023, huko Kilifi, zaidi ya miili 400 ilifukuliwa msituni, watu walikuwa wamefuata neno la mtu mmoja. Tukaangalia pia sheria, na kuna ile Sheria ya Uchawi ya tangu 1925, Sura ya 67, bado iko, na inamgusa hata mtu anayejifanya tu ana nguvu. Kwa hivyo tuliandika tamko: hii ni burudani, hakuna nguvu za ajabu, Msanii anatumia saikolojia na mbinu za steji. Tukalichapa nyuma ya tiketi na Msanii akakubali kulisema mwanzoni.

Tamko lilikuwa kwa Kizungu. Hilo kumbuka.

Venye usiku ulienda

Tulianza saa moja na dakika tano. Tamko likasemwa, watu wakapiga makofi kidogo, viti kama theluthi moja vikiwa bado vitupu juu ya jam. Yule mama nitakayemwongelea alikuwa kwa matatu Jogoo Road wakati huo, alifika karibu saa mbili kasoro ishirini, akaketi safu ya nne pembeni, na mkoba wake ameuweka kwa magoti.

Kitu ya kwanza ilienda vizuri sana. Msanii alikunja karatasi ikawa mpira, akamrushia mtu yeyote, huyo naye akarusha bila kuangalia, wa tatu ndiye akapanda. Kelele za "huyo ni wenu" zilikuwa zimeanza kule nyuma na zikazima papo hapo, juu kila mtu aliona mpira umepita mikono ya watu hawajuani. Yule dada akafungua kitabu ukurasa wowote, akachagua neno, Msanii akalitaja herufi kwa herufi. Ukumbi ukalipuka. Kwa kile kikundi cha wamama wa chama kukatoka "Riswa!" na "Shindwa!" za nguvu, lakini wakicheka, wanagongana mabega. Hiyo ilikuwa sawa.

Ya pili ndio ilianza kuharibu. Akapanda kijana wa jezi ya Arsenal, Msanii akamwambia afikirie PIN ya simu yake. Alimaanisha ile ya kufungua skrini. Lakini mwambie mtu yeyote Kenya "PIN ya simu", atafikiria M-Pesa, tangu 2007 hiyo ndio PIN ya maana kuliko zote. Msanii akaandika kwa ubao, akageuza, namba nne, zote sawa.

Kimya.

Msanii alisimama na tabasamu, alidhani ni kile kimya kitamu kinachokuja kabla ya makofi. Mimi nilikuwa pembeni nyuma ya pazia na nikaona kitu yeye hakuweza kuona juu ya taa kumpiga machoni. Mkono wa yule kijana ulienda mfukoni na ukabaki huko. Safu mbili za mbele watu walianza kuweka simu ndani ya mikoba, mwanaume mmoja alivuta kiti nyuma. Mtu wa nyuma akaita, "Badilisha haraka!" na kicheko kikaja, lakini cha woga. Kijana alishuka hata hajarudi kwa kiti chake, alienda nje moja kwa moja, na mtu wa mlango aliniambia alimkuta koridoni anapiga *334# abadilishe PIN, vidole vinatetemeka, amekosea mara mbili. Wakati wa mapumziko alikuwa anaambia watu pale nje kwamba hii ni kampuni ya wezi, na watu wanne walienda nyumbani na yeye.

Ile karatasi

Sehemu ya pili ilikuwa ya maswali. Wakati wa mapumziko watu wanaandika swali kwa kikaratasi, wanakunja, wanatia kwa kikapu. Nitasema wazi kitu kimoja tu cha mbinu yetu kwa sababu bila hicho kisa hakieleweki: kuna karatasi ambazo Msanii anajua ziko na nini kabla hajapanda. Na mtu wa kuzichagua nilikuwa mimi.

Nikafungua moja ya daftari la hesabu, imekunjwa mara nne, mwandiko wa biro ya bluu umekazwa mpaka karatasi ikatoboka kidogo. "Mtoto wangu yuko Saudia. Miezi 8 hajapiga. Yuko hai?"

Nilikaa nayo. Nakumbuka nilijua kabisa kwamba si swali la kuchezea, na nakumbuka pia nilifikiria kwamba baada ya ile baridi ya PIN tulihitaji kitu cha kurudisha ukumbi. Nikampitishia. Huu ndio uamuzi ninaoujutia zaidi kuliko wote wa usiku ule, na haukuwa wa Msanii, ulikuwa wangu.

Alijibu maswali matano mepesi kwanza, ya kazi, ya harusi, nani atashinda ligi. Halafu akanyamaza, akasema kuna mzazi hapa, anabeba mtu moyoni, msichana, yuko mbali, kuna maji katikati, kuna joto jingi. Mama alisimama kabla hajaitwa. Hakupiga nduru kama wale wengine, alisimama tu ameshika mkoba kwa mikono miwili, midomo inasonga bila sauti. Ukumbi mzima ukamgeukia. Mpango wetu ulikuwa Msanii aishie hapo, aseme "nakuombea heri mama" aendelee. Lakini alimwangalia na mama akauliza, kwa sauti ndogo ambayo hata maiki haikushika vizuri, "Yuko hai, mwanangu?"

Msanii akasema, "Mama, atapiga."

Watu walilia. Si wawili, si watatu. Makofi yaliendelea mpaka ikabidi nimwashie taa ya ishara aendelee. Ukiangalia klipu ya hiyo dakika utasema ndio shoo bora tumewahi fanya.

Tuliamua nini, na kwa nini

Baada ya shoo mama alikuja nyuma na shilingi 2,000 zimekunjwa ndani ya leso, akitaka kuonana na Msanii faraghani ili amwambie ni mji gani. Tulikuwa na dakika chache za kuamua. Pesa hatukugusa, hiyo hata hatukujadili. Tukamwomba dada wa tiketi akae na sisi ili mama asiwe peke yake na wanaume wawili wageni. Na tukakubaliana kumwambia ukweli wote, hata kama ni kuvunja siri ya kazi, juu Msanii alikuwa ameanza kutetemeka mwenyewe. Aliniambia, "Ndugu yangu, nilimwona macho. Singeweza kumwacha amesimama hivyo." Namwamini. Huruma ndiyo ilimtoa kwa mstari.

Nikatoa ile karatasi yake mfukoni, nikamwonyesha. Nikamwambia mama, hii ndio uliandika, mimi niliifungua, mimi nilimwambia. Hajui mtoto wako yuko wapi. Hakuna mtu hapa anajua.

Aliichukua, akailainisha kwa goti na kiganja, akaikunja tena vile vile mara nne. Halafu akamwambia Msanii, siyo mimi, "Najua hamruhusiwi kusema. Sawa baba. Nimesikia."

Tulijaribu tena, dada wa tiketi naye akajaribu kwa Kikamba, lugha ya nyumbani kwao. Hakukasirika. Alitutazama kwa upole kama watoto wanaokatazwa kusema kitu. Mwishowe tukaandika namba yake na tukamuunganisha na mtu anayefuatilia kesi za wafanyakazi walioko Ghuba, akasema asante, akaenda.

Ikawaje

Jumatano nikapiga kujua kama amempigia yule mtu. Hajapiga. Na ndipo nikajua kitu kilichoninyima usingizi: kabla ya shoo, mama alikuwa anaenda kwa ofisi ya ajenti aliyempeleka msichana kila Jumanne, anakaa kwa benchi mpaka wamjibu, miezi yote hiyo. Jumanne hiyo hakwenda. Nikamuuliza mbona. "Si alisema atapiga?"

Tukampigia wenyewe yule mtu wa kesi, akaanza kufuatilia bila kumngoja mama. Na siku ya tisa msichana akapiga. Alikuwa amehamishwa nyumba, simu ilikuwa imechukuliwa na mwajiri wa kwanza, akaazima ya mwenzake. Kama ni ule ufuatiliaji ulisaidia au ni bahati, siwezi sema. Tulifurahi, mimi nililia. Na mama sasa haambiliki kabisa. Mtaani kwake Msanii anaitwa nabii, na kwa wiki mbili nilipokea simu kumi na moja, za mume aliyepotea, za shamba, za mgonjwa wa kansa aliyeuliza kama aache dawa. Hiyo ya mwisho nilikaa kwa simu na yule mtu karibu saa nzima mpaka akakubali kurudi kliniki.

Uchambuzi

Nianze na kimya, juu hiyo ndio somo la steji kabisa. Tumezoea kusema kimya ni kizuri. Kimya cha mshangao mwili unaegemea mbele, mdomo wazi, halafu mtu anamgeukia jirani. Kimya cha hofu mwili unaenda nyuma na mkono unaenda kwa mali. Msanii aliye kwenye taa hawezi kutofautisha, kwa hivyo lazima awe na mtu pembeni mwenye ishara ya kumwambia asimame. Sisi ishara tuliyokuwa nayo ilikuwa ya muda tu.

PIN yenyewe ni kosa la kuchukua kitu cha nchi nyingine bila kufikiri. Huko kwingine namba ya siri ya simu ni ya kulinda picha. Hapa ndio benki, karo na kodi ya nyumba. Ukimtajia mtu mbele ya watu 160, hajaona muujiza, ameona mlango wa nyumba yake uko wazi. Tuliibadilisha. Sasa mtu anafikiria namba ya matatu, na Msanii alipogeuza ubao ikatoka 58, Buruburu, ukumbi wote ulilipuka kwa kicheko na mzee mmoja akaita "Na ashuke hapo!" Ugumu wa mbinu ni ule ule. Furaha ni tofauti kabisa.

Tamko lilifeli kwa sababu tatu na zote ni za kwetu. Lilikuwa kwa Kizungu, mama alisoma mpaka darasa la saba. Lilisemwa wakati watu wako kwa jam. Na halikurudiwa baada ya mapumziko, pale ambapo maswali ya moyo yanaanza, juu Msanii aliona linazima moto. Lakini sidhani hata lingekuwa kwa Kiswahili safi lingetosha lenyewe, na hapa nataka kuwa mkweli, kwa sababu mama tulimwambia uso kwa uso, na ushahidi mkononi, na bado.

Hili si jambo la mama asiyesoma. Houdini, yule mwanamazingaombwe maarufu wa zamani, alipambana nalo na mtu aliyesoma sana, Arthur Conan Doyle, daktari na mwandishi. Juni 1922 huko Atlantic City, Marekani, mke wa Doyle aliandika kurasa akisema ni mama ya Houdini, marehemu, anaongea. Ziliandikwa kwa Kiingereza, na msalaba juu, na mama ya Houdini alikuwa mke wa rabi, kiongozi wa dini ya Kiyahudi, na Kiingereza hakukijua. Houdini alitoka pale akijua. Doyle hakuyumba, na zaidi ya hapo alishikilia kwamba Houdini mwenyewe ana nguvu na anazificha, hata Houdini akikana vipi. "Najua hamruhusiwi kusema." Ni neno lile lile. Doyle naye alikuwa amezika mtoto wa kiume. Mtu akiwa na shimo la ukubwa huo, kukana kwako kunakuwa uthibitisho.

Kuna pia ile ya Bertram Forer, mwanasaikolojia Mmarekani, mwaka wa 1948 aliwapa wanafunzi wake 39 maelezo ya tabia zao, kila mmoja akaambiwa ni yake peke yake, wakayapa wastani wa 4.26 kwa 5 kwa usahihi. Yote yalikuwa maneno yale yale. "Mbali, maji katikati, joto" ni ya aina hiyo, yanaingia Saudia, Dubai, Mombasa, hata Kisumu. Haya si hatari yenyewe, mtu anajaza na maisha yake na anafurahi. Ilikuwa hatari kwa sababu ya neno moja lililofuata, ambalo halikuwa picha tena, lilikuwa ahadi ya kesho. Msanii anaweza kusema kilicho kichwani mwa mtu, hiyo ndio sanaa. Akisema kilicho duniani huko nje, mtoto yuko hai, ugonjwa umeisha, ametoka kwa sanaa, hata kama alisukumwa na huruma.

Kilichofanya kazi: mpira wa karatasi, kukataa pesa, kumweka dada pale, na kufuatilia wenyewe bila kungoja. Kumwonyesha karatasi kulifeli kwa mama lakini ningefanya tena, ni haki yake.

Na kipimo. Tulikuwa tunapima shoo kwa makofi na machozi. Kwa kipimo hicho ule usiku ulifaulu. Mimi sasa napima kwa Jumanne: huyu mtu, tofauti na wiki iliyopita, amefanya nini au ameacha kufanya nini kwa sababu ya kitu tulisema? Mama aliacha benchi la ajenti. Kama msichana angekuwa amefungiwa mahali na hakuna mtu anamtafuta, sisi ndio tungekuwa tumeondoa mtu wa pekee aliyekuwa anapiga kelele. Kwamba alipiga siku ya tisa hakusafishi hilo hata kidogo.

Shoo iliyofuata

Vikaratasi sasa vinachapwa na mstari juu, kwa Kiswahili: usiandike kuhusu mgonjwa, marehemu au mtu aliyepotea. Tamko linasemwa mara mbili, la pili baada ya mapumziko, polepole. Na nikikuta karatasi kama ile, inaingia mfukoni mwangu, haifiki kwa Msanii.

Mama alikuja, na majirani wanne, tiketi amewalipia yeye. Kikapu kilipomfikia alikataa biro, akasema yake ilishajibiwa. Majirani waliandika. Nilizifungua, na kati ya nne mbili zilikuwa za watu waliopotea, zimeandikwa pale pale chini ya ule mstari. Wakati taa zimepunguzwa nilienda mpaka safu ya nne, nikainama, nikazirudisha kila moja kwa mwenyewe pamoja na namba ya yule mtu wa kesi za Ghuba. Mmoja aliipokea. Mwingine aliirudisha mkononi mwangu, akanifunga vidole juu yake.